Usikubali sinki la bafuni lisilopumua

JE, umewahi kuamka alfajiri, ukaingia bafuni kunawa uso, ukapokewa na uvundo kama wa yai viza ilhali bafu lenyewe lilisuguliwa jana yake likang'aa? Ikiwa hujawahi, una bahati. Wengi wetu tunaoishi katika nyumba za orofa mijini tumeizoea harufu hiyo hata tukaichukulia kuwa sehemu ya kodi tunayolipa kila mwisho wa mwezi. Tunanunua manukato ya kupuliza, tunafungua dirisha kama lipo, na mgeni akibisha hodi tunakimbilia udi.

Kwa maoni yangu tunakosea, tena tunahatarisha afya za watu wetu. Uvundo unaotoka katika tundu la sinki ni ishara kwamba kati ya pua yako na mtaro wa maji taka hakuna kitu. Nalisema hili kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita niliamua kulirembesha bafu la chumba cha wageni. Niling'oa sinki la zamani lililosimama kwa mguu wake wa kauri, nikanunua lile la kisasa linalokaa juu ya kabati lenye droo mbili, pamoja na kioo chake. Fundi wa mifereji alikuja Jumamosi asubuhi, na kufikia saa nane mchana alikuwa amemaliza, amelipwa na ameshukuru. Kwa wiki tatu nzima kila aliyetutembelea alipelekwa kuliona kabati langu.

Likizo ilipofika, binti ya kaka yangu alikuja kukaa nasi. Ana miaka tisa na ana pumu, lakini pumu ambayo kwa kawaida haimsumbui sana. Safari hii alianza kukohoa usiku, na asubuhi akawa analalamika kwamba kichwa kinamwuma na moyo unamchafuka. Nililaumu mto. Nikalaumu vumbi la barabara, kisha paka wa jirani. Mwishowe ni mtoto mwenyewe aliyeniambia, "Shangazi, lile sinki hukoroma usiku, na likishakoroma linanuka."

Nilimcheka, kisha nikaona haya. Usiku huo nilikaa kitako bafuni nikisikiliza. Jirani wa orofa ya juu alipovuta maji chooni, sinki langu lilitoa sauti ya glu-glu-glu, kama mtu anayekunywa maji kwa pupa, na mara uvundo ukapanda.

Asubuhi nilivuta droo zote mbili nikamulika tochi ndani ya kabati. Kilichokuwa humo ni mpira mweupe wenye mikunjo, ulioshuka moja kwa moja kutoka tundu la sinki hadi kwenye bomba la ukutani, na pale ulipoingia, nafasi iliyobaki ilikuwa imezibwa kwa karatasi ya plastiki. Nilimpigia fundi simu. Hakukana. "Mama," alisema kwa upole, "ningeweka trapu, droo ya juu haingefunga."

Msomaji, huenda hulijui jina hilo, lakini kitu chenyewe unakijua. Chungulia chini ya sinki lolote lililowekwa vizuri utaona bomba lililopinda likashuka kisha likapanda tena, au kichupa cha plastiki kilichoning'inia. Hiyo ndiyo trapu. Kazi yake si kunasa pete iliyoanguka wala nywele, ingawa hufanya hivyo pia. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo pale kwenye kona kila unapomaliza kunawa. Maji hayo ndiyo mlango. Yanaruhusu maji machafu kupita kwenda zake, lakini hewa ya mtaroni haiwezi kuyapenya ikarudi nyumbani. Hekima hii si ya jana. Alexander Cumming, fundi wa saa aliyefanya kazi London, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopinda mnamo 1775, na tangu wakati huo hakuna aliyebuni mlango bora kuliko maji.

Na hewa inayozuiliwa hapo ni ipi? Maji taka yanapooza hutoa mchanganyiko wa gesi: haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo yenye harufu ya yai viza, methani, amonia na nyinginezo. Sitaki kukutisha bure. Kiasi kinachopenya kupitia sinki la nyumbani kwa kawaida ni kidogo, na mtu mzima mwenye afya ataishia kuumwa kichwa, kuwashwa macho au kusikia kichefuchefu. Lakini nyumbani hatukai watu wazima wenye afya peke yao. Kuna mtoto mchanga, kuna nyanya, kuna mwenye pumu ambaye harufu kali tu yatosha kumbana kifua. Halafu gesi hiyo ya yai viza ina hila: ikiwa nyingi hulemaza pua, na mtu hudhani imeondoka kumbe bado amezingirwa nayo. Ndiyo maana hapa nchini tumesikia tena na tena habari za vijana walioteremka katika mashimo ya maji taka kuyazibua, mmoja akaanguka, na aliyemfuata kumwokoa akaanguka juu yake. Methani nayo hushika moto.

Basi nilimwita fundi wa pili, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla ya wengi wetu kujenga. Aliikata droo ya juu kwa nyuma ikawa na umbo la herufi U, akaweka trapu ya kichupa, akaunganisha bomba gumu ukutani. Kazi ya saa moja. Nilidhani mambo yamekwisha. Siku ya tatu uvundo ulirudi, na sinki likaendelea kukoroma kama kawaida. Fundi alifungua kile kichupa mbele yangu. Maji yaliyopaswa kukaa humo yalikuwa yamebaki tone tu.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo, naamini, wenye nyumba wengi hawalijui, na baadhi ya mafundi hawataki kulijua. Trapu peke yake haitoshi. Bomba nalo lazima lipumue.

Hebu fikiria mkebe wa mafuta ya kupikia. Ukiutoboa tundu moja, mafuta hutoka kwa kwikwi, maana kila tone linalotoka lazima hewa iingie mahali pake, na hewa haina pengine pa kupitia. Ukitoboa tundu la pili upande wa pili, mafuta hutiririka bila kelele. Kila mama mwenye duka anajua hilo. Bomba la maji taka ni vivyo hivyo. Ndoo nzima ya maji inapoporomoka kutoka choo cha orofa ya tano, huvuta hewa nyuma yake. Kama bomba kuu limefunguliwa juu ya paa, hewa huingia kutoka huko. Kama limezibwa, au halikufikishwa juu, hewa itatafutwa kwingine, na kwingine penyewe ni sinki lako. Maji ya trapu yanafyonzwa, unasikia ile glu-glu, na mlango unabaki wazi mpaka mtu anawe tena. Kwa wanaoishi orofa ya chini kabisa mambo huweza kuwa kinyume: badala ya kufyonzwa, maji ya trapu husukumwa juu na hewa iliyobanwa chini ya bomba, na hapo hububujika hadi kwenye sinki.

Ndiyo sababu jengo lililojengwa sawasawa lina bomba linalotokeza juu ya paa. Mpita njia hudhani ni bomba lililosahauliwa. Hilo ndilo pua la nyumba. Kanuni za Uingereza, ambazo desturi zetu za ujenzi zilirithi mengi kutoka kwazo, zinataka bomba hilo lipite dirisha lolote lililo karibu, ndani ya mita tatu, kwa sentimita 90 au zaidi, ili hewa chafu isirudi ndani. Zinataka pia trapu ya sinki la kunawia ibakize maji yenye kina cha milimita 75. Na bomba la milimita 32, ambalo ndilo la kawaida kwa sinki hilo, halipaswi kuzidi mita 1.7 kutoka kwenye trapu hadi bomba kuu, likiwa na mteremko wa kama sentimita mbili kwa kila mita, isipokuwa limewekewa bomba lake la kupumulia. Mtu akitaka kwenda mbali zaidi, atumie bomba la milimita 40, ambalo laweza kufika mita tatu.

Usione kwamba hivi ni vipimo vya kuwasumbua watu. Bomba refu na jembamba hujaa maji pomoni, na maji yanayojaa pomoni hufyonza trapu yake yenyewe hata kama jirani hajavuta choo. Mteremko ukizidi ni vilevile. Kwa hivyo mtu anayelihamisha sinki kutoka ukuta huu hadi ule kwa sababu kioo kitapendeza zaidi upande wa dirisha, aulize kwanza bomba litapita wapi. Pia kuna ile trapu yenye umbo la herufi S inayoshuka hadi sakafuni badala ya kuingia ukutani. Marekani imeikataza katika kazi mpya kwa sababu hiyo hiyo ya kujifyonza, ilhali kwetu bado inauzwa na kuwekwa bila mtu kuuliza.

Kwa wanaodhani natia chumvi, nawakumbusha yaliyotokea Hong Kong mnamo 2003, ugonjwa wa SARS ulipozuka. Katika mtaa wa nyumba za orofa uitwao Amoy Gardens, zaidi ya watu 300 waliambukizwa na 42 wakafa. Mgonjwa mmoja aliyekuwa anaharisha alikuwa ametembelea jamaa yake katika jengo moja la hapo na kutumia choo. Wachunguzi walipofuatilia walikuta kwamba trapu za sakafuni katika mabafu mengi zilikuwa zimekauka, kwa kuwa wakazi walikuwa wakipiga deki badala ya kumwaga maji. Feni za kutoa hewa bafuni zilipowashwa milango ikiwa imefungwa, zilivuta matone yenye virusi kutoka kwenye mabomba hadi ndani ya nyumba. Watu wale walikuwa wamejifungia majumbani mwao wakidhani wako salama.

Sasa tazama hali yetu. Nairobi tuna mgao wa maji. Kuna mitaa ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, na kuna mabafu ya wageni ambayo hayajatumiwa tangu Krismasi. Trapu isiyopata maji hukauka baada ya wiki chache. Kikombe kimoja cha maji kila Jumamosi, hata yale yaliyooshea mboga, kingetosha kuifunga. Ni jambo dogo mno, na sijawahi kusikia afisa yeyote akilitangaza tunapotangaziwa ratiba ya mgao.

Yafaa pia tukumbuke kwamba nyumba za zamani hazikuwa na tatizo hili kwa kiwango hiki. Wale waliokulia katika nyumba za matofali zilizojengwa enzi ya ukoloni watakumbuka kwamba bomba la sinki lilitoboa ukuta likamwaga maji nje, kwenye kijishimo chenye kichujio cha chuma. Choo kilikuwa na bomba lake mbali. Hata trapu ya ndani ikikauka, kilichorudi ni hewa ya uani. Leo tumerundika familia 40 kwenye jengo moja, mabomba yote tumeyaingiza katika uchochoro mmoja mwembamba ndani ya jengo, na bafu la katikati halina dirisha ila feni. Siwalaumu waliojenga hivyo, maana ardhi ni ghali. Ninachosema ni kwamba mtindo huo hausamehi kosa, na tumeuchukua bila kuchukua masharti yake.

Nilipompelekea mwenye nyumba malalamiko yangu, jibu lake lilikuwa kwamba wapangaji wengine hawajalalamika. Nilipanda na keateka juu ya paa. Bomba kuu lilikuwepo, ila liliishia chini ya tangi la maji na mdomo wake ulikuwa umefunikwa kwa kipande cha bati na simiti. Kwa nini? "Mbu walikuwa wanatoka humo," keateka alieleza. Kwa kweli hakusema uongo. Mbu aina ya Culex, ambaye huko Pwani hueneza matende, hupenda kuzaana katika maji machafu ya mashimo ya choo, na hutoka kupitia bomba lililo wazi. Lakini dawa ya mbu ni wavu wa chandarua usiooza, uliofungwa kwenye mdomo wa bomba, ambao bei yake haifiki ya chakula cha mchana mjini. Kwa kuziba bomba kwa simiti walizinyima pumzi nyumba zote za jengo ili kumfukuza mbu.

Nakwambia haya, msomaji, kwa sababu sheria iko upande wako zaidi ya unavyofikiri. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo imekuwepo tangu 1921, katika kifungu cha 118 inataja sinki, bomba la maji machafu na mtaro miongoni mwa vitu vinavyohesabiwa kuwa kero iwapo vimejengwa au viko katika hali ya kudhuru afya. Afisa wa afya wa kaunti ana uwezo wa kuja, kukagua na kumwamuru mwenye jengo arekebishe. Nenda ofisini kwao na barua, si maneno matupu, na ikiwezekana barua iwe na sahihi za wapangaji kadhaa. Mwenye nyumba aliyeniambia wengine hawalalamiki alibadili sauti alipoona majina kumi na moja. Naona pia kwamba maafisa wenyewe wana lawama. Ukaguzi unaofanywa jengo likishapakwa rangi hauna maana, kwa kuwa bomba haliwezi kuonekana nyuma ya vigae. Ukaguzi wa maana ni ule wa siku ambayo mabomba yako wazi na kuta hazijapigwa plasta.

Kwa upande wako, unaponunua sinki la kabati, lichunguze kwa nyuma kabla ya kulitazama kwa mbele. Je, droo ina nafasi ya kupisha trapu, au imejaa hadi ukutani? Kama imejaa, chagua lingine, au kubali droo ikatwe. Mwambie fundi waziwazi kwamba hutaki mpira wa mikunjo. Mikunjo ile hukusanya nywele, sabuni na dawa ya meno, ikawa na harufu yake ya pili. Kazi ikiisha, kabla hujatoa pesa, jaza sinki hadi karibu na ukingo, vuta kizibo na usikilize. Maji yakiisha kwa mkoromo mrefu, hewa imekosa njia. Kisha mwombe mtu wa orofa ya juu avute choo, nawe usikilize tena.

Si lazima kila mara uvunje ukuta kuweka bomba jipya. Kuna vali ndogo inayofungwa juu kidogo ya trapu, ndani ya kabati, ambayo huruhusu hewa iingie na kuizuia isitoke. Inasaidia pale ambapo sinki moja limewekwa mbali. Lakini ni kifaa chenye kiungo kinachochakaa, kwa hivyo kikae mahali panapofikika, na hakiwezi kuchukua nafasi ya bomba la paani kwa jengo zima. Hewa iliyobanwa inayotaka kutoka itaikuta imefungwa.

Na si kila harufu ni ya mtaro. Wakati mwingine ni utelezi uliojijenga katika kile kitundu cha kando kinachozuia sinki kufurika. Brashi nyembamba, sabuni na maji ya moto huumaliza. Jambo moja tu nakusihi: usimwage dawa ya Jik halafu ukaifuatisha na ile dawa kali ya asidi ya kung'arisha choo ukidhani mbili zitafanya kazi kuliko moja. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na katika bafu lisilo na dirisha utajuta kuliko ulivyojutia uvundo.

Lile bati la paani liliondolewa mwezi wa nne, likawekwa wavu, na bomba likarefushwa kupita tangi. Sinki langu halikoromi tena. Binti ya kaka yangu amelala chumba kile likizo mbili bila kukohoa, ingawa bado huenda kutega sikio kwenye tundu kabla ya kulala, na mimi simkatazi. Jengo la pili la mwenye nyumba yuleyule, lililo ng'ambo ya barabara, lina bati na simiti juu ya bomba lake hadi leo. Kutoka dirishani kwangu naliona.